Kabla Ununue Keja, Uliza Ardhi Imetoka Wapi

Mathee wangu ameweka pesa kwa chama tangu nikiwa darasa la sita. Juzi akanionyesha picha ya nyumba ya vyumba viwili, nje kidogo ya Nairobi, na kopi ya hati miliki. "Hati iko. Tungoje nini?" Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna mtu huniuliza mambo ya pesa kwetu. Lakini historia naisoma. Nikamwambia, mum, ngoja kwanza.

Wasee, Kenya hati imeficha mambo tangu kitambo. Mwaka wa 1902 mkoloni alitunga sheria ya Ardhi ya Taji. 1915 akaongeza: setla anaweza pewa lisi ya miaka 999. Wenye walikuwa wakilima hapo hawakuwa na karatasi, basi kwa macho ya sheria hawakuwa na kitu. Karatasi safi, hadithi chafu.

Uhuru ukaja, wachezaji wakabadilika, mchezo ukabaki. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003, ilitoa ripoti 2004 ikaonyesha vile ardhi za umma, hadi za barabara, shule na misitu, ziligawiwa watu kinyume cha sheria. Wengi waliuza haraka. Mnunuzi wa tatu ama wa nne ndiye hubaki na mzigo.

Novemba 2011, matingatinga yakaingia Syokimau. Serikali ilisema ardhi ni ya uwanja wa ndege. Watu walikuwa wamejenga, wamehamia, wengine na hati mkononi. Nyumba zikaangushwa.

Halafu 2023, Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya ploti ya ufuo Mombasa, iliyogawiwa mara ya kwanza 1989 kwa Rais Moi. Kampuni ilikuwa imeinunua baadaye na ina hati. Mahakama ikasema hati pekee haitoshi: kama mgao wa kwanza ulikuwa na kasoro, aliyenunua mwisho halindwi. Hata Katiba ya 2010, kifungu cha 40, hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Sasa ukitaka kununua, fanya hivi:

Fanya upekuzi wa ardhi mwenyewe, usiletewe na muuzaji. Usiishie kwa jina la mwenye hati leo. Uliza rejista ilianza na nani, na ardhi ilitoka kwa nani.

Lipa mpima ardhi alinganishe ramani na bikoni. Hapo ndipo barabara iliyomezwa huonekana.

Tafuta wakili wako. Wakili wa muuzaji ni wa muuzaji.

Na uongee na majirani, hasa wazee. Hii ni bure.

Jumamosi tulienda na mathee. Upekuzi ulikuwa umekuja safi kabisa, jina la muuzaji liko. Lakini mzee mmoja wa duka hapo karibu akatuambia, "Hapo tuliambiwa ni pa barabara." Mpima ardhi akafungua ramani. Mzee hakuwa anadanganya. Nusu ya sebule iko kwa barabara.

Muuzaji hashiki simu tena. Mathee bado amenuna, alikuwa ashachagua rangi ya pazia. Lakini pesa ya miaka kumi iko kwa chama, na tunaendelea kutafuta.