TV inaganda mechi ikinoga? Panga antena yako hivi

Uko kwa keja, mechi imefika dakika ya 89, alafu picha inaganda. Kabla utoe ganji ya antena mpya, jaribu hizi.

Kumbuka, kabla Kenya ihamie dijitali 2015, mawimbi yakipungua uliona chenga lakini mpira bado unaonekana. Dijitali haina huruma. Picha ni safi, au inavunjika vipande, au imepotea.

1. Toa antena nje. Mabati na kuta za mawe hukula mawimbi. Iweke juu, mbali na nyaya za stima. Mvua ikinyesha, usipande paa.

2. Iangalie mnara. Nairobi, mnara mkubwa uko Limuru, so mtu wa Umoja anaelekeza kaskazini magharibi. Cheki pia za majirani zinaangalia wapi.

3. Fungua menyu ya king'amuzi. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Fuata ubora. Geuza antena pole pole, ngoja sekunde kadhaa, songa tena.

4. Waya uwe mfupi, wa ohm 75, bila kuungwa-ungwa.

5. Busta ije mwisho. Inakuza kila kitu, hadi kelele, so mawimbi mabovu yatabaki mabovu.

Ukimaliza, tafuta chaneli upya. Ikikataa kabisa na hutumii king'amuzi, hakikisha TV inasoma DVB-T2. Ile ya DVB-T pekee, hata upande mlima na antena, hutashika kitu.