Harufu ya Binadamu katika Ubongo wa Mbu

Tangu mwaka 1991, Linda Buck na Richard Axel walipotangaza nchini Marekani ugunduzi wa familia kubwa ya jeni zinazounda vipokezi vya harufu, yaani protini zinazonasa molekuli zinazopeperuka hewani, wataalamu wameeleza kwa njia mbili namna ubongo unavyoiwakilisha harufu. Wapo wanaosisitiza mchanganyiko: kwa kuwa kipokezi kimoja hunasa molekuli za aina kadhaa, na molekuli moja hunaswa na vipokezi kadhaa, vipokezi vya binadamu, ambavyo ni aina 400 hivi, huweza kutambulisha harufu nyingi mno kuliko idadi yake. Wengine huonyesha njia maalumu, kama ile ya nzi wa matunda, ambaye hukimbia harufu ya geosmini, inayotolewa na kuvu na bakteria, kwa kutegemea kipokezi kimoja tu. Makala hii inashikilia kwamba mgongano huo umekuzwa kupita kiasi.

Katika mamalia, seli za neva puani zenye kipokezi cha aina moja hupeleka nyuzi zake kwenye vifundo vilevile vya neva, viitwavyo glomeruli, vilivyo sehemu ya mbele ya ubongo. Mpangilio huo nadhifu hauendelei mbali. Taarifa zikifika kwenye gamba la ubongo linalohusika na kunusa, kila harufu huamsha seli chache zilizotawanyika bila ramani inayoonekana, hivyo maana yake hupatikana kwa kujifunza; ilhali vifundo hivyohivyo hupeleka nyuzi pia kwenye amigdala, sehemu inayohusika na hofu na mvuto, na huko mpangilio haubadiliki sana kati ya mnyama na mnyama. Mfumo mmoja, basi, unahudumia kazi mbili.

Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, unatoka kwa mbu aina ya *Aedes aegypti*, anayeeneza dengi na homa ya manjano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha mbu wa Rabai, katika pwani ya Kenya, ambako waliozoea kuishi majumbani walipendelea harufu ya binadamu na wale wa msituni walipendelea ya wanyama. Tofauti hiyo ilihusishwa na kipokezi kiitwacho Or4, kinachonasa salkatoni, kemikali iliyo nyingi katika harufu ya binadamu. Lakini salkatoni hutolewa pia na mimea, na hakuna mbu anayeng'ata mti. Kinachomtambulisha binadamu ni uwiano wa kemikali zake, na utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba uwiano huo, pamoja na utata wake wote, husomwa kwa kiasi kikubwa na vifundo vichache: kimoja husisimkia binadamu na wanyama kwa pamoja, kingine humsisimkia binadamu zaidi, hasa kutokana na aldehidi za mafuta ya ngozi. Mchanganyiko umegeuzwa kuwa njia maalumu.

Mwaka huohuo ilibainika pia kwamba seli nyingi za neva za mbu huyu hubeba vipokezi vya aina zaidi ya moja, kinyume na kanuni iliyozoeleka, hivyo kipokezi kimoja kikikosekana kingine huweza kuziba pengo. Huenda ndiyo maana mbu walioharibiwa jeni ya Orko, ambayo vipokezi vingi huitegemea, walipoteza upendeleo wao kwa binadamu lakini, penye hewa ya kaboni dioksidi, bado waliweza kumfikia. Na dawa ya kufukuza mbu inayolenga kipokezi kimoja pekee ina nafasi ndogo ya kufaulu.