Viti vya Gishwati

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulivunja kingo zake ukaingia majumbani mwa watu wa Rugerero, Nyundo na Kanama, wilayani Rubavu. Mvua za siku zile ziliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao wakiwa wa Mkoa wa Magharibi. Waliosalimika walikaa mahemani wakiulizana nani atahamishwa na nani ataruhusiwa kurudi kando ya mto.

Mazungumzo hayo yote yalihusu bondeni. Lakini Sebeya unaanzia juu, kwenye milima ya Rutsiro, ubavuni mwa Gishwati, na ukitaka kujua kwa nini maji yanashuka mekundu kwa kasi namna ile ni lazima uulize nini kimeupata msitu huo, na nani aliyekaa kikaoni ulipokuwa ukigawanywa. Vikao vimekuwa vingi. Wapo watu ambao hakuna hata kimoja kilichowaita kwa sababu ya haki yao ya kuwa wa kwanza.

Hao ni Watwa wa msituni, ambao majirani zao waliwaita Impunyu. Walikula cha msituni: nyama ya kuwinda, asali, viazi pori. Walipeleka ngozi na asali kwa wakuu, na wakabadilishana na wakulima nyama kwa mtama na maharage. Simulizi za kaskazini-magharibi ya Rwanda zinaeleza kwamba koo za kwanza kufyeka milima hii ziliwapa Watwa mbuzi na majembe ndipo zikashika shoka. Hayo ndiyo mapatano ya ardhi ya kale kabisa tunayoweza kuyataja huku. Hayakuandikwa, lakini yalikuwa na pande mbili, na upande mmoja ulikubaliwa kuwa ndio wenye msitu.

Serikali ya kikoloni haikutoa mbuzi. Mwaka 1925 Wabelgiji walitangaza Hifadhi ya Albert kwenye volkano, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, na mwaka 1933 misitu ya mgongo wa Kongo-Nili ikafanywa akiba ya serikali. Kuwinda kukawa ujangili. Cha ajabu, ulinzi huo haukuwa na ukali uleule kwa kila mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 takriban hekta 10,000 zilimegwa kutoka hifadhi ya volkano ili wakulima waliohamishiwa huko wapande pareto kwa ajili ya soko la nje. Mtwa mwenye mshale alihesabiwa kuwa adui wa msitu, na mkulima wa pareto mwenye panga akahesabiwa kuwa maendeleo.

Gishwati yenyewe ilikuwa bado na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970. Miaka ya 1980 ukaja mradi wa GBK, yaani Gishwati, Butare na Kigali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango ulikuwa kugeuza sehemu kubwa ya msitu kuwa malisho ya ng'ombe wa maziwa na mashamba ya misonobari, na kuacha kipande cha asili katikati. Impunyu waliokuwa bado wanaishi ndani walitolewa. Inafaa kukumbuka kwamba Februari 1982 benki hiyohiyo ilikuwa imetoa mwongozo wa jinsi ya kuwalinda watu wa aina hii katika miradi inayoigharamia. Mwongozo ulikuwa Washington, na misumeno ilikuwa Gishwati. Malisho yaligawiwa watu waliokuwa karibu na serikali ya wakati ule. Waliotoka msituni wakaenda kuomba vibarua na kufinyanga vyungu pembezoni mwa vijiji vya wengine.

Vita na mauaji ya kimbari ya 1994 vilimalizia kazi. Waliokimbia mapigano walikata kuni huko. Baada yao wakaja wakimbizi wa tangu 1959, wengi wakirudi kutoka Masisi na kwingineko Kongo na ng'ombe wao, nao walihitaji mahali pa kukaa. Serikali mpya haikuwa na ardhi nyingine ya kuwapa. Ilipofika mwaka 2002 zilibaki hekta 600 hivi. Milima ilikuwa mitupu, na tangu hapo kila mvua kubwa huteremsha udongo hadi Sebeya, hadi mitambo ya umeme ya Gihira na Keya, hadi kwenye mtambo unaosafisha maji ya kunywa ya mji wa Gisenyi.

Hapo ndipo vikao vipya vilipoanza. Mwaka 2007 mafuriko na maporomoko yaliukumba upande wa Bigogwe, na mwaka huohuo Rais Paul Kagame akaungana na shirika la Kimarekani la Great Ape Trust kutangaza kwamba msitu utarudishwa. Wakati huo sokwe mtu wa Gishwati walikuwa kama ishirini tu. Kazi ilienda vizuri: eneo likapanuliwa hadi hekta 1,484, miti ya asili ikapandwa, na baadaye jumuiya ya Wanyarwanda, Forest of Hope Association, ikashika usukani. Sheria ya mwaka 2015 ikaunganisha Gishwati na msitu wa Mukura kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 2020 UNESCO ikaitambua kuwa eneo la hifadhi hai. Chini bondeni, mradi wa maji uliofadhiliwa na Uholanzi ulilichagua bonde la Sebeya kuwa moja ya mabonde manne ya mfano, ukaunda kikosi cha kulisimamia na kuandika mpango wa 2018 hadi 2024. Tangu 2019 vijiji vimekuwa vikichora mipango yao ya matumizi ya ardhi: wapi matuta, wapi miti, wapi mifereji.

Nimevitaja vikao hivi kwa sababu si vya mzaha. Mkulima wa Rugerero leo anaweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji akasema mfereji upite wapi, na akasikilizwa. Ila ukiangalia anaingia kwa tiketi gani, utaona ni ya mkazi, ya mwanachama wa ushirika, au ya kiongozi wa seli. Hakuna tiketi ya aliyekuwapo kabla ya hifadhi.

Kuna nchi zilizokwenda njia nyingine. Kaskazini mwa Kanada, Wainuvialuit walitia saini mapatano na serikali mwaka 1984, na Wainuit wa Nunavut mwaka 1993, wakitaka kwanza itambuliwe kwamba ardhi ilikuwa yao na haikuwahi kuuzwa. Kutokana na mapatano hayo zikazaliwa bodi za pamoja. Bodi ya wanyamapori ya Nunavut ina wajumbe tisa: wanne wanateuliwa na jumuiya za Wainuit, wanne na serikali, wa tisa ni mwenyekiti. Wanaamua idadi ya dubu weupe na nyangumi watakaowindwa. Waziri bado anaweza kuukataa uamuzi, na mara nyingine huukataa, lakini hawezi kuifuta bodi kwa barua, maana kiti cha mwindaji kimo ndani ya mapatano yanayolindwa na katiba.

Karibu na kwetu zaidi kuna Wamakuleke wa Afrika Kusini, kiasi cha watu 3,000, waliofukuzwa mwaka 1969 kutoka pembe ya kaskazini ya Hifadhi ya Kruger. Mwaka 1998 walirudishiwa hati ya takriban hekta 24,000 kwa sharti kwamba ardhi ibaki hifadhi. Wao ndio wenye nyumba, shirika la hifadhi ni mwenzao, na bodi ya pamoja ndiyo inayosimamia. Hawakurudi kulima. Walichopata ni kodi ya hoteli za kitalii na sauti isiyohitaji kuombwa.

Kwa nini Rwanda haikufanya hivyo? Jibu la haraka, kwamba serikali haiwajali Watwa, halitoshi. Katika nchi ambayo vitambulisho vya kabila vilitumika kuchagua nani auawe, katiba ya 2003 ilipiga marufuku mgawanyiko wa kikabila, na dai lolote la "sisi tulikuwa wa kwanza hapa" husikika kama mwangwi wa maneno yaliyomwaga damu. Huo si woga wa bure. Lakini gharama yake ililipwa na wachache kuliko wote, watu wapatao thelathini na kitu elfu nchi nzima. Jumuiya yao, CAURWA, iliyoanzishwa 1995, ilijiita ya wenyeji asilia. Wizara ya Sheria ilikataa kuisajili kwa jina hilo, na mwaka 2007 ikabidi igeuke COPORWA, jumuiya ya wafinyanzi. Dai la ardhi likawa dai la vyungu, na hata udongo wa vyungu ulikuwa ukiadimika, kwa kuwa sheria ya ardhi ya 2005 iliyaweka mabonde ya kinamasi unakochimbwa mikononi mwa serikali na mengi yakapewa vyama vya wakulima. Nchi ilipopima na kusajili mamilioni ya viwanja kuanzia 2009, hati ilimfuata aliyekuwa na shamba. Kurina asali hakuachi alama ya jembe ambayo mpimaji anaweza kuichora.

Badala ya kiti, Rwanda ilichagua kugawana mapato. Mwaka 2005 ilianza kuzipa jamii zinazopakana na hifadhi asilimia 5 ya mapato ya utalii, na mwaka 2017, ilipopandisha kibali cha kuwaona sokwe wa milimani kutoka dola 750 hadi 1,500, ikaongeza mgao huo hadi asilimia 10. Pesa hizo zimejenga shule, zahanati na matangi ya maji. Pale Musanze, ushirika wa SACOLA unamiliki hoteli ya kifahari chini ya mlima Sabyinyo, iliyofunguliwa 2007. Haya ni mafanikio na sina haja ya kuyabeza. Hata hivyo mgao hupimwa kwa sekta iliyo jirani na hifadhi leo. Familia iliyotolewa msituni miaka ya 1980 ikasambaa mbali na mpaka wa hifadhi haimo kwenye hesabu.

Katika nchi jirani watu wameipeleka dola mahakamani. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliwapa ushindi Waendorois wa Ziwa Bogoria, Kenya, mwaka 2010. Mahakama ya Afrika pale Arusha iliwapa Waogiek wa msitu wa Mau ushindi tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 ikaiamuru Kenya iwalipe shilingi 157,850,000 na kuwarudishia ardhi yao. Mahakama ya Katiba ya Uganda ilisema mwaka 2021 kwamba Watwa wa Bwindi, Mgahinga na Echuya walinyang'anywa bila fidia ya haki. Ng'ambo ya Ziwa Kivu, nchini Kongo, uamuzi wa Tume kuhusu Watwa wa Kahuzi-Biega ulitangazwa 2024. Karatasi za ushindi ni nyingi, na mpaka sasa wengi wa washindi wanasubiri wakiwa nje ya ardhi yao. Kwa Mnyarwanda mlango wa Arusha ni mwembamba zaidi, kwani mwaka 2016 serikali ilijiondoa katika tamko linalomruhusu mtu au shirika kuishtaki moja kwa moja.

Kwa hiyo sidhani kiti cha Gishwati kitatoka kwa jaji. Naona kinaweza kutoka ndani ya katiba yenyewe. Katiba ileile isiyotaka kusikia kabila inamtaka Rais, anapoteua maseneta wake wanane, ahakikishe uwakilishi wa jamii zilizoachwa nyuma na historia, na ni kwa njia hiyo Zéphyrin Kalimba, aliyekuwa kiongozi wa COPORWA, aliingia Seneti. Yaani dola imekwisha kupata namna ya kumkalisha Mtwa kitini bila kumwita Mtwa. Namna hiyohiyo ingeweza kuandikwa katika kanuni za Hifadhi ya Gishwati-Mukura na za kamati ya bonde la Sebeya: viti viwili au vitatu vya familia zilizotolewa msituni, popote zilipo sasa kati ya Rutsiro, Nyabihu na Rubavu, vyenye kura na siyo posho ya kikao pekee. Hakuna ambaye angehamishwa na hakuna mti ambao ungekatwa. Wangeanza pengine na jambo dogo, mizinga ya nyuki ikae wapi, kisha wangefika kwenye kubwa zaidi, kwamba asilimia 10 ihesabiwe kwa nani.