Nani kaweka programu hii? Ubuntu inaweka kumbukumbu

Kompyuta yako ya Ubuntu au Debian imeanza kusumbua ghafla? Usikimbilie kufuta kila kitu. Angalia kwanza kilichowekwa karibuni.

Fungua faili /var/log/apt/history.log. Humo utakuta tarehe, saa, amri iliyotumika, na programu zilizowekwa, kusasishwa au kuondolewa. Mstari wa Requested-By unamtaja mtumiaji aliyetumia sudo, kwa hiyo hakuna kusingiziana.

Unataka orodha ya zilizowekwa tu? Andika:

grep " install " /var/log/dpkg.log

Kila mwezi faili jipya huanzishwa. Ya zamani hubanwa na kuishia na .gz, hayo yasome kwa zgrep.

Ila angalia: zilizowekwa kwa snap au pip hazimo humo. Za snap za karibuni, andika snap changes.