Panadol na Pumu kwa Watoto: Hii Hofu Ilianzia Wapi?

Baridi ya Juni na Julai ikishuka kutoka Mlima Meru, kikohozi cha watoto kinasikika nyumba nyingi za Engutoto. Homa ikipanda, mama anatoa Panadol ya maji. Halafu jirani anadakia: "Mama, usimpe hiyo, inaleta pumu!" Basi mama wa watu anabaki njia panda. Maneno hayo hayakuzuka tu, yana historia yake.

Zamani aliyetamba kwenye homa alikuwa aspirini, iliyoanza kuuzwa na Bayer ya Ujerumani mwaka 1899. Mwaka 1963 daktari mmoja wa Australia alieleza ugonjwa adimu unaoshambulia ubongo na ini la mtoto. Baadaye ukahusishwa na aspirini wanayopewa watoto wenye mafua au tetekuwanga. Miaka ya 1980 Marekani na Uingereza zikatoa onyo, na parasetamoli, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Panadol, ikashika nafasi.

Kumbe miaka hiyo hiyo pumu ya watoto nayo ilikuwa inaongezeka nchi nyingi. Watu wakaanza kuunganisha. Mwaka 2008 jarida la Lancet likachapisha utafiti wa ISAAC uliohusu watoto zaidi ya 200,000 wa miaka 6 na 7 kutoka nchi 31. Waliopewa parasetamoli walipokuwa wachanga walionekana na dalili za pumu zaidi. Hapo moto ukawaka.

Lakini jiulize, nani anapewa Panadol mara kwa mara? Ni mtoto anayeumwa kifua kila siku, na huyo ndiye mwenye hatari zaidi ya pumu. Huenda dawa ilisingiziwa kosa la ugonjwa. Mwaka 2016 Wamarekani walichukua watoto 300 wenye pumu, nusu wakapewa parasetamoli na nusu ibuprofeni kila walipopata homa au maumivu. Mashambulizi ya pumu hayakutofautiana. Jaribio hilo halikumaliza swali la chanzo cha pumu, ila lilipunguza hofu kubwa.

Hatari iliyo wazi ni mama kuogopa Panadol akarudi kwenye aspirini, au kuzidisha dozi kwa kukadiria na kijiko cha jikoni. Dozi inafuata uzito wa mtoto. Homa ipimwe malaria. Na mtoto akihema mpaka mbavu zinabonyea, hapo si suala la Panadol tena, akimbizwe hospitali.