King Majuto

Amri Athumani (maarufu kwa jina la kisanii King Majuto au Mzee Majuto, 1948 – 8 Agosti 2018) alikuwa mwigizaji wa filamu na televisheni na mchekeshaji kutoka nchini Tanzania. Ni mmoja kati ya waanzilishi wa filamu za vichekesho za Kiswahili nchini humo.

Maisha ya awali

Majuto alizaliwa mkoani Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Alianza kuigiza jukwaani akiwa bado mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Hivyo alikuwa na uzoefu wa miaka mingi kabla ya filamu za Bongo kuanza.

Kazi ya uigizaji

Kanda za video zilipoenea, Majuto alikuwa kati ya wachekeshaji wa kwanza nchini kuuza vichekesho vyao kwa njia hiyo. Baadaye kazi zake zilitoka katika VCD na DVD, zikaonyeshwa kwenye televisheni, mabandani na ndani ya mabasi ya masafa marefu.

Mara nyingi aliigiza kama baba mkali, mume mjanja au mzee bahili ambaye hila zake humgeukia mwenyewe. Alichekesha kwa sura, kwa sauti na kwa majibu ya papo kwa papo.

Alishirikiana na waigizaji wa rika mbalimbali. Mmoja wao alikuwa Hussein Ramadhani Mkiety, maarufu kama Sharo Milionea, mwenyeji wa Muheza katika mkoa huohuo wa Tanga. Majuto alikuwa mzee wa mambo ya zamani, Sharo kijana mtanashati wa mjini, na kicheko kilitokana na tofauti hiyo. Wawili hao walionekana pia katika tangazo la kampuni ya simu. Sharo alifariki tarehe 26 Novemba 2012 kwa ajali ya gari wilayani Muheza, akisafiri kutoka Dar es Salaam. Barabara hiyo hupitia Segera, wilayani Handeni, ambapo njia hugawanyika: moja huelekea Korogwe na Moshi, nyingine Muheza na Tanga.

Suala la mikataba

Katika soko la filamu la Tanzania, ilikuwa kawaida mwigizaji kulipwa mara moja kwa kila filamu, huku haki za kuiuza zikibaki kwa msambazaji. Filamu ikirudufiwa au kuonyeshwa tena, mwigizaji hapati kitu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwapo, lakini msanii aliyekwisha kusaini kuuza haki zake alikuwa na nafasi ndogo ya kudai.

Majuto alipougua mwaka 2018, wengi walijiuliza inakuwaje msanii anayejulikana karibu kila nyumba ahitaji msaada wa matibabu. Mwaka huohuo Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ikiwemo ya Majuto. Hivyo ugonjwa wake ulilifanya suala la malipo ya waigizaji, lililokuwa likinung'unikiwa kwa miaka mingi, kuwa jambo la serikali.

Ugonjwa na kifo

Mwaka 2018 Majuto alipelekwa nchini India kwa matibabu, kisha akarudi nyumbani. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Alizikwa Tanga.

Filamu zake zinaendelea kutazamwa, hasa kupitia intaneti, na wachekeshaji wengi vijana wa Tanzania humtaja kama mwalimu wao.