Dar es Salaam hadi Unguja kwa ndege: masafa na muda

Masafa ya anga kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (DAR) na ule wa Abeid Amani Karume (ZNZ), Unguja, ni kilomita 73 hivi, sawa na maili 39 za baharini. Hesabu hii hata mwanafunzi mwenye ramani na kalamu huipata. Uwanja wa Dar uko latitudo 6°52′ kusini, wa Unguja 6°13′, na vyote viwili vimekaa karibu kwenye longitudo moja, 39°12′ na 39°13′ mashariki. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Toa 13 kwenye 52, unapata 39. Rubani anaelekea kaskazini, karibu bila kupinda.

Muda hauhesabiki kwa wepesi huo. Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja na pangaboi, huchukua abiria kama 12 na hukata kilomita 300 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo ingefika kwa dakika 15. Ratiba huandika 20 au 25, kwa kuwa lazima ndege itembee chini, ipande, ikunje kona, ishuke. ATR 72 huweza kufikisha kilomita 500 kwa saa, ila hapa haipati nafasi: haijakaa sawa angani, tayari inaanza kuteremka. Inaokoa dakika chache tu.

Kinachovutia zaidi ni upepo. Njia ya kurukia ya Unguja imelazwa kaskazini-kusini. Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, ndege itokayo Dar hupambana nayo safari nzima, lakini hutua moja kwa moja: kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa wa 1904 hupita kushoto, rasi ya Fumba kulia, kisha lami. Msimu wa kusi upepo huisukuma ndege kutoka nyuma. Lakini ndege hutua kwa kuukabili upepo, hivyo kusi ikiwa kali rubani huupita uwanja, huzunguka, na kugusa chini pua ikiwa imeelekea Dar alikotoka. Dakika zilizopatikana baharini huishia kwenye mzunguko huo.

Anayelala Posta, Dar, na kwenda Mji Mkongwe atafakari boti: saa moja na nusu hadi mbili, kutoka katikati ya jiji hadi bandari ya Malindi, Unguja. Uwanja wa ndege wa Dar uko kilomita 12 hivi kutoka mjini, na Barabara ya Nyerere ina foleni. Bado mizigo haijapimwa. Ila aliyeshuka kutoka Mwanza au Bukoba na yuko uwanjani tayari, huyo hana haja ya kwenda bandarini.